Kaburi Linanipwaya

Jumapili asubuhi, mwezi wa tisa,
mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mazishi Yangu.

Mpwa wangu mpendwa,

YAH: KABURI MLILONIJENGEA

Nakupongeza kwanza kwa cheo. Nilipoondoka ulikuwa ukibebwa mgongoni, na pua yako ilikuwa haijapata mtu wa kuifuta. Leo ni Mwenyekiti, una katibu, una mweka hazina, na nasikia una mhuri. Ukoo wetu haukuwahi kuwa na mhuri. Nimefurahi kwamba mazishi yangu yametuinua kiasi hicho hata kabla ya mimi kuyachangia kwa kufa.

Picha uliyonitumia kwa simu nimeipata. Niliitazama kwa miwani, nikaitazama bila miwani, kisha nikaipeleka dirishani penye mwanga. Hapana ubishi, ni kaburi langu, maana jina langu lipo, na la baba yangu, na la babu. Fundi mwashi amenyanyua mwiko juu kama mchezaji aliyeshinda kombe. Wewe umeegemeza mkono kwenye jiwe kama mtu anayeuza gari. Mama yako amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepakata kitu cheusi ambacho mwanzoni nilidhani ni paka. Chini yake umeandika: "Mjomba, kila kitu tayari. Unasubiriwa wewe tu."

Sijawahi kusubiriwa namna hii maishani mwangu. Hata siku ya ndoa yangu ni mimi niliyewasubiri wengine.

Naomba iingizwe katika kumbukumbu za kikao kwamba mimi ni mzima. Goti la kushoto hulalamika ngazini, na sikio moja limestaafu bila kuaga, lakini viungo vingine bado vinaripoti kazini. Hata hivyo, kwa kuwa kamati imekwisha kuundwa, na mimi si mtu wa kuvunja kamati za watu, naleta malalamiko yangu kwa utaratibu. Nina hakika nina haki ya kusikilizwa. Wajumbe wengine wana maoni tu kuhusu ajenda. Mimi ndiye ajenda.

1. Ukubwa.

Nilikupigia simu kuuliza vipimo vilitoka wapi. Ulinijibu kwa fahari kwamba mama yako alilitoa lile koti jeusi nililoliacha limetundikwa nyuma ya mlango, fundi akalilaza chini, akapima, kisha akaongeza kichwa na miguu kwa kukisia. Ndipo nikaelewa kuwa paka wa pichani ni koti langu. Na nikamsikia mama yako kwa nyuma akimfokea mtu: "Asipunguze hata kidogo! Mdogo wangu alikuwa akiingia mlangoni kwa kuinama!"

Ni kweli, niliinama, na ndiyo maana mliniita Mlingoti. Lakini mpwa wangu, hata mlingoti ukipigwa na jua na mvua miaka yote hii hulika. Juzi nilichukua futi ya fundi cherehani, nikalala chali sakafuni, nikajipima. Nimepungua kiganja kizima. Sijui kilikwenda wapi. Sikumbuki kukiacha popote.

Kujipima kuliisha salama, kuinuka ndiko kulikonishinda. Jirani yangu wa chini, mama mmoja aliyestaafu udereva wa basi, alisikia miguu yangu ikipigapiga sakafu, akapanda juu.

"Babu, umeanguka?"

Nikamwambia sijaanguka, najipima kaburi. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wenzako wa umri huo wanaandika wosia," akasema, "wewe unaandika ugomvi." Kisha akaninyanyua na kuniamuru nishike mguu wa meza, nishike imara, kana kwamba nimepanda basi lake na tunakaribia kona.

Kwa kifupi, kaburi linanipwaya. Nitalala humo kama mtoto aliyevishwa shati la kaka yake siku ya kupiga picha. Mlimjengea mtu mwingine, kijana mrefu mwenye nywele, ambaye hata mimi nimepoteza anwani yake.

2. Majirani.

Kulia kwangu mmeniwekea ukuta, na sina neno nao. Kushoto mmeniweka na ami yangu. Mungu ampumzishe, lakini je, mmewauliza walio karibu naye kama wao wamepumzika? Nililala naye chumba kimoja mvua nzima ya mwaka ule nyumba yake ilipovuja, kwa hiyo najua ninachosema. Alikoroma mpaka glasi zikagongana kabatini. Na alipokuwa macho ilikuwa afadhali angelala, maana alikuwa na hadithi moja tu, ya siku alipofukuzwa na ng'ombe dume, na hakuwahi kuimaliza. Kila alipofika kwenye ua aliokimbilia kuupanda, alikumbuka jambo jingine, akaanza upya. Wazee wetu walisema kabla hujajenga chagua jirani. Mmejenga. Sasa ami ana umilele mzima wa kuniambia aliupandaje ule ua, na sitakuwa na mahali pa kutorokea.

Huku nilipo, mke wangu, mkaza mjomba wako, amelazwa kwenye makaburi ya mji, mlimani nyuma ya kiwanda cha matofali. Kulia kwake yuko mwalimu wa kinanda, mtu mtulivu sana. Kushoto kwake pako wazi. Nalitaja hili kwa kulinganisha tu.

3. Jiwe.

Picha mliyoibandika ilipigwa kabla sijaota ndevu. Mtu akipita hapo atalia kwa kudhani amekufa mwanafunzi. Chini ya picha mmechonga neno moja kwa herufi kubwa: AMERUDI. Chini ya neno, mahali pa tarehe, mmeacha pengo jeupe kama la jino, na katibu wako ameniandikia kwa adabu zote akiuliza kama ninaweza kukadiria, kwa sababu fundi anahama kwenda kazi nyingine na patasi zake.

Nimejaribu kukadiria. Nilikaa na kalenda asubuhi nzima. Mwezi ujao nina miadi ya macho. Mwezi unaofuata jirani anaozesha binti yake, nami nimeahidi kuvaa tai. Baada ya hapo naona nafasi kidogo, lakini sipendi kumpa fundi ahadi ambayo nitashindwa kuitimiza. Mjumbe hauawi, mjulishe tu katibu asiongeze bidii.

4. Wasifu.

Mmenitumia wasifu wangu wa marehemu niusahihishe, kwa kuwa, mnasema, "Mjomba ndiye mtu wa vitabu." Umeandikwa na binamu ambaye sijapata kumwona, na ninamshukuru, maana amenitendea wema ambao anayenijua asingeuweza. Anasema nilikuwa profesa. Mpwa wangu, nilikuwa mjalidi. Vitabu vilivyochanika vililetwa kwangu kwenye chumba cha chini cha maktaba, mimi nikavishona upya, nikavipaka gundi, nikavivisha majalada. Nilivisoma vingi, hilo siwezi kukana, lakini nilivisoma kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa, kwanza kujua panauma wapi. Walionifahamu waliniita Bwana Gundi, na hawakuwa wakinisifu.

Anasema pia nilikuwa mtu wa watu. Mtu wa watu hafanyi kazi chini ya ardhi kwa hiari yake, wala hapewi chumba chenye dirisha akakikataa. Anasema mlango wangu ulikuwa wazi daima. Ulikuwa wazi kwa sababu kitasa kilivunjika, nami niliweza kutengeneza mgongo wa kitabu chochote duniani isipokuwa kitasa. Anamaliza kwa kusema umati wa huku utanililia. Niliuhesabu umati huo: ni jirani yangu, na yeye amekwisha kuniambia kwamba siku hiyo hatalia, atashukuru kupata usingizi, kwa sababu nyundo yangu ya kupigia migongo ya vitabu hugonga juu ya dari ya chumba chake cha kulala.

Nimejaribu kuusahihisha wasifu huo kwa kalamu nyekundu. Nilipomaliza vilibaki jina langu na nukta.

5. Mama yako.

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu yale mengine manne ninayaweza.

Wewe uliniandikia methali, mwacha asili ni mtumwa, nami nilikuwa na majibu ya kutosha, maana methali ni kama bawaba, hufungua pande zote mbili. Kisha mama yako akakunyang'anya simu. Hakusalimia. Alisema: "Sikiliza wewe. Wifi yangu alikuchukua ukiwa na nyama zako, sikusema kitu. Amekula nyama, hewala. Basi mimi niachieni mifupa." Akakata.

Wewe hukuwafahamu mawifi hawa wakiwa nyumba moja. Walianza kugombana kuhusu chumvi siku ya pili ya ndoa yangu, na nilipoondoka kwa haraka, na sanduku moja la miezi michache mpaka mambo ya nchi yatulie, walikuwa bado hawajafika kwenye sukari. Mkaza mjomba wako alinifuata mwaka uliofuata. Mambo hayakutulia. Yalipotulia, tulikuwa tumekwisha kununua kabati, na mtu aliyenunua kabati la milango mitatu haondoki kirahisi. Kwa miaka yote hiyo, kila alipoonja mchuzi alisema, "Wifi angesema imezidi." Alipofariki, dada alilia kwenye simu mpaka salio likaisha, akapiga tena, akasema kwa sauti kavu: "Nani sasa ataniambia chumvi haijakolea?"

Kwa hiyo lalamiko langu la tano ni hili: dada yangu ana haki. Hilo si jambo la kumfanyia ndugu.

OMBI

Baada ya kutafakari sana, na kwa kuwa kuna watu wanaonitaka pande mbili na mimi ni mmoja tena nimepungua, naiomba Kamati ikubali utaratibu ufuatao, ambao naona unaondoa malalamiko yote kwa pamoja.

Nichomwe. Msishtuke; soma mpaka mwisho kabla hujamwita mama yako. Majivu yachanganywe na gundi ya kujalidia vitabu. Gundi yangu ni unga wa ngano na maji, hupikwa kwa moto mdogo na kukorogwa upande mmoja bila kubadilisha mkono, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mimi nitaiharibu kuliko unga wa siku hizi. Kwa gundi hiyo nijalidiwe katika juzuu mbili. Juzuu ya Kwanza iletwe nyumbani. Juzuu ya Pili ibaki huku, kwenye kisanduku cha bati kisichoingia maji, mlimani, upande wa kushoto wa mkaza mjomba wako. Nitakuwa nimefika kwenu na nitakuwa sijaondoka hapa.

Kurasa ziwe tupu. Humo ndugu wote waandike waliyokuwa wakitaka kuniambia na gharama ya simu ikawazuia. Najua karatasi haitatosha, kwa hiyo nimekata ya ziada.

Juzuu ya Kwanza iazimwe kwa zamu. Kila tawi la ukoo likae nami wiki mbili. Ninayo mazoea ya kanuni za maktaba, nami sitakubali zilegezwe kwa sababu nimekufa: nisikunjwe pembe, nisiwekewe sufuria juu, nisisomwe na mtu mwenye mikono ya mafuta, wala nisitumiwe kuzuia mlango usifungwe na upepo. Mama yako peke yake aruhusiwe kuniweka muda apendao. Akikasirika anirushe ukutani. Jalada nitaliimarisha pembeni kwa ajili hiyo.

Faida ni nyingi. Koo nyingine humzika mtu mara moja zikamsahau. Sisi tutakuwa tukinirudisha na kuniazima mpaka vitukuu. Ami atakosa msikilizaji. Binamu ataweza kuuandika wasifu wake ndani yangu na nisiweze kuufuta. Kuhusu kaburi, ambalo mmelijenga vizuri na kwa saruji ya kutosha, napendekeza liwekewe rafu. Ni kavu, lina kivuli, na kwa ukubwa ule linatosha vitabu vya shule nzima. Mkipenda, tawi la kwanza la maktaba ya ukoo lifunguliwe hapo, jiwe likiwa tayari. Neno AMERUDI litafaa sana mlangoni, maana ndilo neno ambalo kila mkutubi huomba alione kuhusu kitabu chake.

Natumaini Kamati italipitisha ombi hili kwa kauli moja, na kwamba mhuri utagongwa mahali panapoonekana.

Nisalimie mkeo, ambaye namfahamu kwa picha ya harusi na kwa chapati alizotuma zikafika zikiwa ngumu kama majalada, tulizila zote. Nisalimie wanao, na yule wa mwisho umwambie kwamba yule babu anayeonekana kwenye simu akiwa pua tu, uso wake upo, ila hajui kuishika simu. Msalimie fundi, umwambie pembe za jiwe amezichonga vizuri kuliko nilivyotaka kukiri. Msalimie katibu, mweka hazina, na wajumbe waliokwisha kushona sare zenye sura yangu. Wazivae tu, zisiliwe na nondo kwa ajili ya uzembe wangu. Mama yako msalimie mara mbili, mara moja kabla hujamsomea barua hii, na mara moja baada.

Ni mimi mjomba wako,
Marehemu Mtarajiwa.

Tanbihi.

Barua hii ilikaa mezani wiki nzima bila kutiwa stempu. Mjalidi hatoi ahadi ya kazi asiyoijaribu, kwa hiyo nilichota majivu kwenye jiko la mkaa la jirani, nikapika gundi, nikajalidi vitabu viwili vidogo, nikavibana kwenye jiriwa mpaka vikauka. Nilipovifungua, vyote viwili vilivunjika mgongo, hapo hapo, katikati. Majivu hayashiki. Jirani alivitazama, akakung'uta unga uliomwangukia kwenye kiganja. "Babu," akasema, "hata kitabu kimekataa."

Basi, Mwenyekiti, yafute malalamiko yote. Jiwe ni zuri. Wasifu usomwe siku yoyote mtakayojisikia kucheka. Hata ami nimemkumbuka wiki hii, na ningelipa kiingilio kumsikia akifika tena kwenye ule ua.

Sababu yangu ni moja tu, nami nimeizungushia maneno kama mtu anayefunga zawadi ndogo kwa karatasi nyingi. Siku za mwisho, hospitalini, mkaza mjomba wako alinishika kidole, akaniambia: "Usiniache hapa na watu ambao hata kugombana nao siwezi." Nilimwambia sitamwacha. Pale kushoto kwake ni pangu, na wenye makaburi wanajua. Nitazikwa hivi hivi, mzima mzima, kwa udongo, kama watu.

Haya yanayofuata msomee mama yako polepole, mkiwa wawili.

Dada, uliomba mifupa. Ndani ya bahasha hii upo mmoja. Ni kipande cha mfupa cha kukunjia karatasi, nilichokishika kila siku niliyofanya kazi, mpaka kikaliwa upande mmoja kikachukua umbo la kidole changu. Kitie katika mfuko wa lile koti. Koti lilazeni kaburini. Kaburi lilipimwa kwa koti hilo, litatosha bila kupwaya. Yule mrefu aliyekuwa akiingia mlangoni kwa kuinama ni wako, wala wifi hakupata kumchukua. Azikwe kwao, na watu wale, na sare zivaliwe. Neno lililochongwa liacheni. Pale palipoachwa wazi, fundi aandike siku niliyoondoka. Wewe unaikumbuka.

Mimi sitarudi.